Hapana, hawajafufua ubongo wa Neandertali

SWALI: Nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari hapa Lindi. Tulipofika kwenye mada ya chimbuko la binadamu, mwanafunzi wa kidato cha nne alisimama akasema amesoma kwenye simu ya kaka yake kwamba wanasayansi wameotesha maabara ubongo wa binadamu wa kale, wa Neandertali. Darasa zima likachangamka. Mmoja akauliza kama ubongo huo unawaza. Mwingine akauliza kwa nini wasioteshe wa zamadamu wetu wa Olduvai, au hata wa yule mjusi mkubwa wa kale (dainosari) wa Tendaguru, hapa Lindi. Wa tatu akauliza swali lililonigusa zaidi: kama Wazungu wana asili ya Neandertali na sisi hatuna, je, sisi tumepungukiwa kitu? Nimewaahidi jibu. Naomba lisiwe la juu juu. (Mwalimu, Lindi)

JIBU: Mwalimu, pokea salamu, na pole na kazi. Nimefurahi kwamba hukuwanyamazisha. Maswali ya wanafunzi wako yanagusa mambo ambayo hata wanaoyatafiti bado wanabishana juu yake, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa kirefu.

Kwanza lile la ukweli wa habari yenyewe. Hakuna maabara iliyootesha ubongo wa Neandertali. Kilichofanyika ni hiki: watafiti walichukua seli hai za mtu wa leo, wakabadilisha herufi moja ya DNA ili ifanane na ile waliyokuwa nayo Neandertali, kisha wakaziacha seli hizo zigawanyike na kukua hadi zikawa kitonge kidogo cha tishu ya ubongo. Halafu wakakilinganisha na kitonge kilichotokana na seli zile zile ambazo hazikuguswa. Jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, ina herufi zipatazo bilioni 3. Ukibadilisha moja, zote zilizobaki ni za mtu wa leo. Kwa hiyo kilichomo maabara ni tishu ya mtu kama mimi na wewe, yenye herufi moja ya kale. Anayesema zaidi ya hapo anaikuza habari ili isomwe.

Lakini wanafunzi wasije wakadhani kwamba basi ni jambo dogo. Wakumbushe tatizo tulilokuwa nalo tangu mwanzo. Ubongo hauachi kisukuku. Ni laini, huoza mapema, na kinachobaki ni uwazi ndani ya fuvu. Fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai tarehe 17 Julai 1959 na ambalo liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, linaonyesha ubongo wa takriban sentimita za ujazo 500. Sokwe ana kama 400. Sisi kwa wastani tuna 1,350 hivi. Neandertali walitufikia, na baadhi yao walituzidi. Basi hapo ndipo fuvu linapokomea. Linakuambia ubongo ulikuwa mkubwa kiasi gani, ila halikuambii ulikuaje hadi ukafika hapo, wala seli zake zilipangwa vipi. Na mambo hayo huanza kuamuliwa katika wiki za mwanzo kabisa za mimba, wakati mama mwingine hata hajajua kuwa ni mjamzito. Hakuna mfupa unaohifadhi habari hiyo.

Njia ya kulizunguka tatizo hilo ilianzia Japani. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka alionyesha kwamba ukiziwasha jeni nne tu ndani ya seli ya ngozi ya panya, seli hiyo huacha kazi ya ngozi na kurudi katika hali ya seli shina, yaani seli inayoweza kugeuka kuwa ya aina yoyote mwilini. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Tangu hapo si lazima kugusa mimba ya mtu. Ngozi kidogo au damu kidogo ya mtu mzima aliyeridhia inatosha. Na kwa kuwa mbinu hiyo inafanya kazi pia kwa sokwe na gorila, tukaweza kutazama tishu ya ubongo wao ikianza kujengeka bila kumdhuru mnyama.

Mwaka 2013 Madeline Lancaster, akiwa katika maabara ya Jürgen Knoblich mjini Vienna, Austria, alichukua seli shina za binadamu, akazifunika kwa tone la jeli yenye protini kama zile zinazoshikilia tishu mwilini, kisha akaziweka katika chupa ya maji ya virutubisho yanayozungushwa polepole. Kilichofuata hunishangaza hadi leo. Seli zilijipanga zenyewe. Zikatengeneza vyumba vidogo vyenye majimaji, zikajenga kuta kuvizunguka, zikaanza kuzaa seli za neva zinazohamia nje tabaka kwa tabaka, kwa utaratibu unaofanana na wa mimba changa. Vitonge hivi ndivyo vinavyoitwa oganoidi za ubongo. Kikubwa chake hufikia milimita 4 hivi, kuzidi kidogo punje ya ufuta wa huko kwenu. Haviendelei sana kukua kwa sababu havina mishipa ya damu. Oksijeni haifiki vizuri katikati, na seli za ndani hufa.

Sasa, utafiti ninaouamini kuliko wote katika eneo hili hauhusu Neandertali hata kidogo, na ningekushauri uufundishe kabla ya mengine. Mwaka 2021 Lancaster, safari hii akiwa Cambridge, Uingereza, na wenzake walikuza vitonge vya binadamu, vya sokwe na vya gorila, wakavitazama siku baada ya siku. Mwanzoni kabisa seli mama za ubongo zina kazi moja tu, kugawanyika: moja kuwa mbili, mbili kuwa nne. Baadaye hubadilika umbo, zikawa ndefu na nyembamba, na kuanzia hapo kuongezeka kwao hupungua, zikaingia kwenye kazi ya kuzaa seli za neva. Kwa sokwe na gorila badiliko hilo la umbo lilichukua takriban siku 5. Kwa binadamu, takriban siku 7.

Siku mbili tu za tofauti, na zinatosha. Waandikie wanafunzi ubaoni 1, 2, 4, 8, 16, 32, kisha uwaulize kinachotokea ukiruhusu mzunguko mmoja zaidi kabla ya kusimama. Mzunguko mmoja wa ziada mwanzoni unazidisha seli zote mara mbili, na kila kitakachozaliwa baadaye kutoka kwa seli hizo kinazidi vilevile. Binadamu hakuhitaji kuvumbua aina mpya ya ubongo ili awe na mkubwa mara tatu ya ule wa sokwe. Sehemu ya maelezo ni kwamba alichelewa kidogo kuacha kuongeza seli.

Watafiti hao wakatafuta kinachopanga muda huo, wakaikuta jeni iitwayo ZEB2, ambayo huanza kazi mapema zaidi kwa gorila kuliko kwa binadamu. Walipoiwasha mapema katika kitonge cha binadamu, seli zilibadilika umbo mapema kama za nyani wakubwa. Walipoichelewesha katika kitonge cha gorila, kikaelekea kukua kama cha binadamu. Mimi hupima tafiti hizi kwa kigezo hicho: je, badiliko linaonekana ukienda upande huu, na linarudi ukienda upande wa pili? Likionekana pande zote mbili, unaweza kuanza kusema umeshika sababu. Likionekana upande mmoja tu, subiri.

Kuna jeni nyingine ambazo wanafunzi wa Tanzania watazipenda kwa sababu ya tarehe zake. Mwaka 2018 makundi mawili, moja la Santa Cruz, California, na jingine la Brussels, Ubelgiji, yalieleza jeni za NOTCH2NL. Zilitokana na kosa la kunakili: kipande cha jeni ya zamani kilijirudia, nakala ikakaa muda mrefu bila kazi, kisha ikarekebishika na kuanza kufanya kazi kati ya miaka milioni 3 na 4 iliyopita. Sokwe na gorila hawana nakala inayofanya kazi. Ndani ya vitonge, jeni hizi huzizuia seli mama zisigeuke seli za neva haraka, hivyo zikaongezeka kwanza. Nyayo za Laetoli zina umri wa miaka milioni 3.66. Yaani kipindi ambacho zamadamu walikuwa wakitembea wima juu ya majivu ya volkano kule Ngorongoro, wakiwa na ubongo uliozidi wa sokwe kidogo tu, ndicho kipindi ambacho jeni hizi zilikuwa zinapata kazi katika ukoo uliokuja kutuzaa sisi. Neandertali nao walikuwa nazo, kwa hiyo hapa hatutofautiani nao.

Tuje sasa kwa Neandertali wenyewe. Mwaka 2010 Svante Pääbo na kundi lake la Leipzig, Ujerumani, walichapisha rasimu ya kwanza ya jenomu yao, iliyosomwa hasa kutoka kwenye mifupa ya pango la Vindija, Kroatia. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2022. Baada ya hapo mtu aliweza kuweka jenomu zao kando ya zetu na kuuliza: ni wapi karibu watu wote wa leo tuna herufi moja, na wao wana nyingine? Ukibakiza yale tu yanayobadili protini, orodha ni fupi ajabu, yapata mabadiliko 100. Kila moja ni dhana inayoweza kujaribiwa, na vitonge ndivyo vilivyotupa mahali pa kuzijaribia. Kifaa cha kubadilishia herufi kinaitwa CRISPR, protini inayoelekezwa mahali mahsusi kwenye DNA na kukata hapo.

Jaribio lililozua habari aliyoisoma mwanafunzi wako lilitoka San Diego, California, mwezi Februari 2021, kwenye maabara ya Alysson Muotri. Walichagua jeni ya NOVA1, ambayo protini yake husimamia namna ujumbe wa jeni nyingine nyingi unavyokatwa na kuunganishwa ndani ya seli za neva. Toleo letu na la Neandertali yanatofautiana kwa asidi amino moja, yaani kimoja cha vijenzi vya protini. Vitonge vilivyopewa toleo la kale vilikuwa vidogo zaidi, uso wake ukiwa wa kukwaruza, na seli zake za neva zilianza kutoa ishara za umeme mapema. Picha zikasambaa, na vichwa vya habari vikasema ubongo wa Neandertali umerudi.

Hawakufika mwisho wa mwaka kabla ya kupingwa. Watafiti wa Leipzig, Pääbo akiwa miongoni mwao, waliandika kwamba katika baadhi ya seli zilizotumika, nakala moja kati ya mbili za jeni hiyo ilikuwa imepotea, jambo linaloweza kutokea CRISPR inapokata. Ukipoteza nakala nzima ya jeni muhimu kama hiyo, kitonge kinaweza kuharibika umbo kwa sababu hiyo peke yake, bila herufi ya kale kuhusika. Kundi la San Diego lilijibu na kusimama na matokeo yao. Kwa maoni yangu, picha ya kitonge kile chenye uso wa kukwaruza haifai kufundishiwa kama ukweli uliothibitishwa. Jeni yenyewe, hata hivyo, bado inastahili kuchunguzwa. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliwapa panya toleo la binadamu la NOVA1, na milio ya panya hao ikabadilika.

Mwaka 2022 ikaja TKTL1, kutoka Dresden, maabara ya Wieland Huttner. Hapa pia tofauti ni asidi amino moja: katika nafasi ya 317 sisi tuna arginini, Neandertali walikuwa na laisini. Toleo letu liliongeza aina fulani ya seli mama zinazochangia ukuaji wa gamba la juu la ubongo, na vitonge vya binadamu vilivyorudishiwa laisini vilizaa seli za neva chache zaidi. Ni kazi iliyofanywa kwa uangalifu, kwa panya, kwa feri (mnyama mdogo jamii ya kicheche) na kwa vitonge. Kisha wenzao wakatazama hazina za vinasaba vya watu walio hai na kuonyesha kwamba wapo watu wachache leo wenye toleo la kale. Watu hao wanaishi kama sisi wengine. Hiyo haifuti kilichoonekana maabara, ila inazuia kusema kwamba herufi hiyo moja ndiyo iliyotenganisha akili zetu na zao.

Mwaka huo huo kundi la Leipzig na Dresden lilitoa kazi ambayo haikusikika sana magazetini, na mimi naiweka juu ya zile mbili. Walichukua jeni tatu zinazohusika na kugawanyika kwa seli, KIF18a, KNL1 na SPAG5, zenye mabadiliko sita kati yetu na Neandertali. Panya walipopewa matoleo yetu, na vitonge vya binadamu vilipopewa matoleo ya kale, matokeo yalienda pande mbili kama yalivyotakiwa. Kwa matoleo yetu, seli hutumia muda mrefu zaidi kupanga kromosomu (mafungu ya DNA) kabla ya kuzitenganisha, na makosa ya kugawa kromosomu hupungua. Tena ni habari ya muda: kutoharakisha hatua fulani ya mwanzo.

Mwalimu, ukiniuliza utafiti wa vitonge umetufundisha nini kuhusu mageuko ya binadamu, nitakujibu hilo la muda. Kazi zilizosimama imara hazikugundua jeni ya lugha wala jeni ya busara. Zimeonyesha tena na tena kwamba ubongo wetu umejengwa kwa kuchelewesha: kuchelewa kubadili umbo la seli, kuchelewa kugeuza seli mama kuwa seli za neva, kuchukua muda kupanga kromosomu.

Yule aliyeuliza kama kitonge kinawaza ameuliza swali zuri sana. Seli zake za neva hutoa ishara za umeme, hilo ni kweli. Mwaka 2019 kundi la Muotri liliripoti vitonge vya miezi kadhaa vilivyotoa mawimbi ya umeme yenye mpangilio ambao kwa baadhi ya vipimo ulikaribiana na wa watoto njiti. Lakini kufanana kwa mawimbi si kufanana kwa fahamu. Kitonge kina seli milioni chache. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Hakina macho, masikio, ngozi wala moyo. Hakuna kinachoingia ndani yake kikapata kuwazwa, na hatuna ushahidi wowote kwamba kinahisi maumivu. Kinafanana, kwa aina za seli, na ubongo wa kijusi cha miezi ya mwanzo. Kwa hiyo hakiwezi kutuambia kama Neandertali waliimba, walizungumza vipi au waliwaliaje wafu wao. Mambo hayo yanahitaji utoto, malezi na jamii.

Hata hivyo swali lake lisizimwe, kwa sababu utafiti unasogea. Mwaka 2022 kundi la Sergiu Pașca wa Chuo Kikuu cha Stanford lilipandikiza vitonge vya binadamu kwenye ubongo wa vitoto vya panya. Vikapata damu, vikakua zaidi, na seli za binadamu zikaitikia sharubu za panya zilipoguswa. Hapo ndipo maadili yanapodai kusikilizwa. Mtu anayetoa ngozi yake anastahili kuelezwa kwamba seli zake zinaweza kuwa tishu ya ubongo, tena ndani ya mnyama, kisha aamue. Hapa nchini utafiti wa afya unaohusisha binadamu hupitia kibali cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na naamini wazi kwamba mjadala huu uanze kwetu sasa, kabla maombi ya sampuli hayajafika mezani.

Kuhusu zamadamu wa Olduvai, kizuizi ni joto. DNA huvunjika baada ya kifo, na joto na unyevu huharakisha. Fuvu la Zinjanthropus lina umri wa miaka takriban milioni 1.8. DNA ya kale kabisa iliyowahi kusomwa ina umri wa kama miaka milioni 2, ila ilitoka kwenye udongo uliogandishwa wa Greenland. Kwa jamaa za binadamu, ya kale zaidi ya kiini cha seli imetoka kwenye pango la Hispania, Sima de los Huesos, la miaka kama 430,000. Huku kwetu mambo ni magumu zaidi. Mwaka 2022 ilichapishwa DNA ya watu wa kale wa Tanzania, Malawi na Zambia, na ya kale kuliko zote katika kundi hilo, yenye umri wa miaka karibu 18,000, ilitoka Mlambalasi, Iringa. Mkoani kwenu hasa, mwaka 2023 ilichapishwa DNA ya watu waliozikwa Kilwa na Songo Mnara, pamoja na wa miji mingine ya pwani, kati ya miaka ya 1250 na 1800. Hao ni watu kama sisi kabisa, kwa hiyo wanatufundisha kuhusu historia ya Waswahili, hawatufundishi kuhusu zamadamu.

Ona basi matokeo yake. Tunamlinganisha binadamu na Neandertali kwa sababu Neandertali alifia kwenye mapango ya baridi. Binadamu wenyewe wametokea Afrika, ila zamadamu wa Afrika hawana jenomu ya kusomwa. Swali analolitaka mwanafunzi wako, la nini kilibadilika hapa hapa Afrika, vitonge vinaligusa kwa njia ya kuzunguka tu: kwa kutulinganisha na sokwe upande mmoja na Neandertali upande mwingine.

Mjusi wa Tendaguru ana umri wa miaka kama milioni 150, na mifupa yake imekuwa jiwe. Hakuna DNA iliyobaki, na hakuna seli ya kuanzia. Lakini msimulie mwanafunzi huyo jambo moja. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walipochimba pale, msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mifupa waliyoitoa ndiyo iliyosimamishwa Berlin hadi urefu wa mita 13.27. Mwaka 1924 Waingereza walikuja na msafara wao, na ndani yake alikuwamo kijana Louis Leakey. Uchimbaji wake wa kwanza wa visukuku aliujifunzia Lindi, miaka mingi kabla ya Olduvai kumpa jina.

Nimeliacha swali la tatu hapa kwa makusudi, maana linahitaji yote yaliyotangulia. Neandertali waliishi Ulaya na magharibi mwa Asia. Mababu wa watu wa nje ya Afrika walikutana nao yapata miaka 50,000 iliyopita wakazaa nao, ndiyo sababu watu hao wana asilimia 1 hadi 2 ya DNA ya Neandertali. Si kweli kwamba Waafrika hawana kabisa. Mwaka 2020 watafiti wa Princeton walionyesha kwamba sisi pia tunayo kidogo, karibu asilimia 0.3, kwa sehemu kupitia watu waliorudi Afrika baadaye. Na kuwa nayo nyingi si cheo. Mwaka huo huo wa 2020 Hugo Zeberg na Pääbo waligundua kwamba kipande cha kromosomu ya 3 kinachoongeza hatari ya kuugua sana Uviko-19 kilirithiwa kutoka kwa Neandertali. Kipo kwa watu wengi wa Asia Kusini na baadhi ya Wazungu, na karibu hakipo kabisa Afrika. Vipande vingine vilileta nafuu. Urithi ni urithi, una yake mema na mabaya.

Muhimu zaidi, wakumbushe jinsi ile orodha ya mabadiliko 100 ilivyopatikana. Ni yale ambayo karibu watu wote walio hai tunayo, Mmwera, Mmakonde, Mjerumani na Mjapani, na Neandertali hawakuwa nayo. NOVA1 yetu Waafrika ndiyo ile ile ya Wazungu. ZEB2 yetu hufanya kazi kwa saa ile ile. Utafiti huu hauzungumzii tofauti kati ya watu wa leo, na anayeutumia kupanga watu madaraja hajausoma.

Upungufu upo, ila uko kwa watafiti. Sehemu kubwa ya seli shina zinazotumika maabara zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, ilhali tofauti nyingi zaidi za vinasaba vya binadamu ziko Afrika. Yaliyoikuta TKTL1 yanaonyesha hatari yake: unatangaza kwamba herufi fulani ni ya binadamu wote, kumbe hukuwapima wa kutosha. Seli za Watanzania zikiingia katika kazi hii, kwa ridhaa na kwa haki, hitimisho nyingi zitaimarika na nyingine zitaanguka. Kwa hilo ningependa kuona wanafunzi wako wawili watatu wakienda kusoma baiolojia ya seli.

Kama shule ina kompyuta yenye intaneti, fungueni hazina ya vinasaba ya Ensembl, ambayo haina malipo, mtafute TKTL1. Waombe wailinganishe protini ya binadamu na ya sokwe na gorila, wakitafuta zile sehemu ambazo sisi tuna asidi amino tofauti. Wakifika kwenye nafasi ya 317, waulize wangefanya jaribio gani ili kujua kama tofauti hiyo ina kazi yoyote, na wangehitaji seli za watu wangapi, kutoka wapi. Ukinitumia majibu yao nitayasoma na kuwaandikia.